Kuuza korosho bila kuingia kwenye kangomba: mwongozo wa msimu kwa mkulima wa kijijini

Mnada wa kwanza wa korosho Mtwara na Lindi hufanyika Oktoba, na siku hiyo kijiji kizima kinaulizana bei. Kumbe kuna wakulima ambao bei hiyo haiwahusu tena. Korosho zao ziliuzwa tangu Juni, zikiwa bado maua mtini, na biashara hiyo ya chinichini ndiyo kangomba. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii kwenye mizani. Unaanzia kwenye miezi ambayo mfuko ni mtupu na salfa, dawa ya mikorosho, inatakiwa shambani, kwa sababu hapo ndipo msimu unapopatikana au kupotea.

Nimewaandikia zaidi watu wa Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu na Mtwara Vijijini, na wenzao wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale. Utamfaa pia aliyerudi kutoka Dar es Salaam kurithi mikorosho ya baba yake na hajui aanzie ofisi gani. Utaratibu wenyewe wa stakabadhi ghalani si mgeni: korosho ziliingizwa humo msimu wa 2007/2008, na Mtwara ndiyo iliyoanza. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS. Chama kinasafirisha hadi ghala kuu, chama kikuu, muungano wa AMCOS, kinaupeleka mnadani, na fedha zinarudi kwa mkulima kupitia benki. Kwa maneno ni mwepesi hivyo. Ugumu uko kwenye majina, mizani na karatasi.

Jina lako liwe moja kila mahali

Fanya hili Januari au Februari, kabla foleni hazijaanza. Chukua kitambulisho chako cha NIDA, kadi ya benki, kadi ya AMCOS kama unayo, na laini ya simu unayotumia. Viweke mezani ulinganishe majina, herufi kwa herufi. NIDA wanakuita Mohamedi, benki Mohamed, kwenye daftari la chama karani aliandika Mudi kwa sababu ndivyo kijiji kinavyokujua. Oktoba hayo ni majina ya watu watatu tofauti, na malipo yatakwama katikati.

Jina la kufuata ni lile la NIDA. Nenda AMCOS warekebishe daftari, kisha benki. Kama akaunti ililala tangu msimu uliopita, weka hata shilingi elfu chache iamke, na uulize dirishani kama inapokea fedha. Simu nayo isajiliwe kwa alama zako za vidole wewe mwenyewe. Laini uliyopewa na mjomba ni laini ya mjomba, na ujumbe wa malipo utakwenda kwake.

Halafu usajili wa shamba. Kila mkulima wa korosho anatakiwa kuwa kwenye kanzidata ya wakulima, na pembejeo za ruzuku hugawiwa kwa kufuata orodha hiyo. Mwone afisa kilimo wa kata au ofisi ya kijiji, uhakikishe mashamba yako yote yameandikwa, pamoja na lile dogo la kule bondeni. Ukiwa na mashamba vijiji viwili, uliza kila kimoja kimeandikwaje. Watu wanapuuza jambo hili hadi linapowauma. Mwishoni mwa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, malipo yalitanguliwa na uhakiki: una korosho nyingi, haya, tuonyeshe shamba. Mwenye shamba ambalo halijaandikwa popote alisubiri sawa na aliyekuwa hana shamba kabisa.

Mke ana mikorosho yake aliyopewa na wazazi? Iandikwe kwa jina lake, na akaunti iwe yake. Wanaume wenzangu wananung'unika nikisema hivi, lakini ugomvi wa Novemba baada ya malipo kuingia kwenye akaunti moja tunaujua wote.

AMCOS ni mali yako, kwa hiyo ingia

Asiye mwanachama naye huuza kupitia AMCOS ya eneo lake, na ndiyo sababu wengi hawaoni haja ya kulipa kiingilio na kununua hisa. Wanachokosa ni kura. Mkutano mkuu wa chama ndio unaochagua bodi, unaopitisha bajeti na kuweka ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho viongozi wanaruhusiwa kukopa kwa jina la chama. Chama kikikopa magunia na nyuzi kupita uwezo wake, deni halitalipwa na mwenyekiti wala katibu. Litakuja kwenye kilo zako.

Unapojiunga, omba uoneshwe masharti ya chama, ndiyo katiba yake. Uliza pia taarifa ya mwisho ya ukaguzi. Vyama vya ushirika hukaguliwa na COASCO, shirika la Serikali la ukaguzi wa ushirika, na taarifa ile inapaswa kusomwa kwa wanachama. Ukijibiwa kwamba ipo lakini iko wilayani, weka jambo hilo akilini na uliulize tena mbele za watu kwenye mkutano. Swali la ofisini linajibiwa kwa tabasamu, la mkutanoni linaandikwa kwenye muhtasari.

Miezi ya njaa, na kangomba

Kangomba ni biashara ya kununua korosho kijijini nje ya mfumo, kwa kipimo cha chombo na kwa fedha taslimu, mara nyingi kabla hazijavunwa. Serikali inaikataza na kila msimu hutangazwa vita dhidi yake, lakini haifi. Haifi kwa sababu mnunuzi wa kangomba yupo nyumbani kwako Julai ana fedha mkononi, wakati mnada uko mbali, mtoto karudishwa kutoka shule na mikorosho inataka salfa.

Hebu tupige hesabu, namba ni za mfano tu. Umechukua shilingi 150,000 mwezi wa Julai kwa ahadi ya kilo 150. Maana yake umeuza kwa shilingi 1,000. Novemba mnada unakupa 2,750 baada ya makato yote. Kilo zako 150 zingekuwa shilingi 412,500. Umelipa 262,500 juu ya mkopo wa 150,000, kwa miezi minne. Hakuna benki yenye riba hiyo. Na hapo hatujagusa chombo chenyewe, ambacho hujazwa kwa kilima, kwa hiyo "kilo" moja ya kangomba huwa kilo na kitu.

Ushauri wangu ni mmoja na siuzungushi: kopa kwa shilingi, usikope kwa kilo. Ukimwendea mwenye duka, ndugu, au kikundi cha VICOBA, deni liandikwe ni shilingi ngapi, zitarudi shilingi ngapi, na lini. Hata riba ikiwa nzito utaijua tangu mwanzo. Deni la kilo halijulikani ukubwa wake mpaka bei itoke, na bei ikiwa nzuri ndivyo unavyoumia zaidi.

Njia ya pili ni ya shambani. Ufuta huvunwa na kuuzwa kati ya Mei na Julai, mbaazi zinafuata Agosti na Septemba, na yote mawili siku hizi yanauzwa kwa mnada. Ekari moja ya ufuta haimfanyi mtu tajiri, lakini inaingiza fedha katika miezi ileile ambayo mnunuzi wa kangomba anazunguka na pikipiki yake. Mkulima mwenye magunia mawili ya mbaazi ndani Agosti anaongea naye kwa sauti nyingine.

Salfa, kuokota na kuanika

Hapa nitapita haraka, maana mabwana shamba na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele wamelisema kwa miaka mingi. Ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia maua na machipukizi. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia, maua yanapoanza kuchomoza, ikirudiwa kwa vipindi mpaka korosho changa zishike. Kipimo kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti mkubwa kwa mzunguko mmoja. Unapopokea pembejeo za ruzuku, hesabu mifuko yako mbele ya karani kabla ya kuweka sahihi. Ukisaini mifuko kumi na kuondoka na minane, mfumo unajua umepewa kumi.

Usichume korosho mtini. Subiri bibo, tunda linaloshika korosho, lianguke lenyewe, okota kila siku au kila baada ya siku moja, nyonyoa bibo lote lisibaki hata uzi. Anika juani siku mbili tatu kwenye sakafu au turubai, ukigeuza. Jaribio la nyumbani ni ukucha: ukibonyeza ganda na ukucha ukaacha alama, bado. Ukitikisa mkononi na zikagongana kwa sauti kavu, tayari. Zikinyeshewa, anza upya, usizipeleke vilevile kwa matumaini kwamba karani hataona.

Chambua. Zilizopauka, zenye madoa, zilizosinyaa na changa ziwe fungu lao, kwa sababu daraja la kwanza na la pili huuzwa kwa bei tofauti, na chache mbovu ndani ya gunia zima zinaweza kulishusha gunia lote. Mchanga na kokoto ni jambo jingine. Mtu anayetia mawe kwenye gunia ili liwe zito anadhani anamwibia mnunuzi, kumbe korosho ghafi zetu nyingi zinakwenda India na Vietnam, na sifa ya mzigo wa mkoa mzima inashuka pamoja na bei ya mwakani. Tumia magunia ya juti yanayopumua. Mifuko ya sandarusi ni ya kubebea kutoka shambani tu, si ya kuhifadhia, maana korosho huvunda ndani yake.

Siku ya mizani

Pima nyumbani kwanza. Kama huna mizani, azima ya dukani. Kusudi si kubishana na karani, ni kwamba ukifika huko na tofauti ikawa kilo tano, uwe na cha kusimamia. Halafu nenda mwenyewe. Ukimtuma kijana wa bodaboda, mzigo utapokelewa, lakini hakuna atakayesoma namba kwa niaba yako.

Mbele ya mizani fanya hivi kwa mpangilio. Tazama kama ina alama ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika. Kabla gunia halijapandishwa, mizani isome sifuri. Isiposoma, sema hapohapo, kwa adabu. "Samahani katibu, naomba turudishe sifuri" inatosha, huna haja ya kupandisha sauti. Gunia likipanda, subiri namba itulie, uisome kwa sauti ili jirani kwenye foleni aisikie. Uzito wa gunia tupu hutolewa, nao ni kama kilo moja kwa gunia la juti. Ukiona linatolewa zaidi, uliza ni uamuzi wa mkutano gani. Kisha tazama karani anavyoandika. Namba iliyosomwa, namba kwenye daftari na namba kwenye stakabadhi yako ziwe moja.

Kuna kitu kinaitwa unyaufu, yaani korosho kupungua uzito zikikaa. Ni jambo la kweli, mzigo ukikaa ghalani hupungua. Lakini unyaufu ndio pazia kubwa la wizi wa kilo katika AMCOS. Korosho zilizoanikwa vizuri hazipungui kwa kiasi cha kutisha ndani ya wiki chache, na kipungufu kati ya AMCOS na ghala kuu kinatakiwa kuelezwa kwa wanachama kwa namba: tulipokea kilo kadhaa, ghala limepokea kadhaa, tofauti imebebwa na nani. Karani akikukata "ya unyaufu" pale mizanini, kwa kukadiria kwa macho, usikubali. Mwambie aiandike kwenye stakabadhi kama kato. Mara nyingi kalamu itakuwa nzito.

Usiondoke bila stakabadhi. Iwe na jina lako lile la NIDA, tarehe, daraja, kilo, na sahihi au muhuri. Ipige picha kwa simu jioni hiyohiyo, maana karatasi za nakala hufifia na panya wa kijijini hawachagui. Ukipeleka mara nne kwa msimu, unakuwa na stakabadhi nne. Zifunge pamoja, kwa sababu malipo yatakuja kwa mnada na mnada, hayaji kwa mkupuo, na bila karatasi hizo hutajua lipi limelipwa.

Mnada na namna ya kusikiliza bei

Zamani wanunuzi walitumbukiza barua zao za bei kwenye sanduku, zikafunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima uwanjani. Kuanzia msimu wa 2024/2025 korosho zinauzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei zinaonekana kwenye skrini. Vyama vikuu ndivyo vinavyobeba mizigo huko: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi, Mtwara na Nanyumbu, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa Lindi na Kilwa.

Wakulima wana haki ya kukubali au kuikataa bei, na imewahi kutumika. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa bei za wanunuzi, na mgomo ule ndio uliozaa uamuzi wa Serikali kununua wenyewe. Lakini kukataa kuna gharama. Mzigo unabaki ghalani, na mwenye deni la ada ya shule anaendelea kusubiri. Msitumie silaha hiyo kwa hasira ya shilingi hamsini.

Ukisikia redioni "bei ya juu imefikia kiasi fulani", jiulize mambo matatu kabla hujafurahi: ni ghala gani, ni daraja gani, na ni kilo ngapi zimepata bei hiyo. Bei ya juu inaweza kuwa ya mzigo mdogo wa ghala moja. Yako ni ile iliyopata ghala lililobeba mzigo wa AMCOS yako, siku ya mnada wako, basi.

Makato

Kila msimu Bodi ya Korosho hutoa mjengeko wa bei, orodha ya makato yanayoruhusiwa, na AMCOS inatakiwa kuibandika ukutani. Ipige picha. Humo utakuta ushuru wa halmashauri ambao ni asilimia 3, ushuru wa AMCOS na wa chama kikuu, gharama za ghala, usafirishaji, magunia, na michango mingine inayobadilika mwaka hadi mwaka. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi haumo. Huo analipa msafirishaji, ingawa ni wazi anauhesabu anapotoa bei yake.

Hesabu yako ni fupi. Bei ya mnada toa jumla ya makato kwa kilo, zidisha kwa kilo za stakabadhi. Mnada 3,000, makato 250, inabaki 2,750. Kwa kilo 640 ni shilingi 1,760,000. Kilichoingia benki kikiwa pungufu, usiende benki, nenda AMCOS uombe mchanganuo wa malipo yako kwa maandishi. Mara nyingi kuna makato ya "mchango wa kijiji" au "ujenzi wa zahanati" ambayo yaliongezwa baadaye. Mchango huo ni halali kama mkutano mkuu uliupitisha na muhtasari upo. Kama muhtasari haupo, ni fedha yako na inadaiwa.

Malipo yakishaingia, usiitoe yote siku moja kwa sababu tu foleni ya mjini ni ndefu. Wiki ya malipo ndiyo wiki ya wezi, na ya matapeli wanaopiga simu wakijifanya watu wa benki wanaotaka namba ya siri. Benki haiulizi namba ya siri.

Msimu wa manunuzi

Novemba na Desemba wachuuzi wanatoka hadi mikoa ya mbali kuja kuuza magodoro, redio, mabati na pikipiki, na bei hupanda kwa sababu kila mtu anajua wakulima wamelipwa. Ukiweza kusubiri hadi Februari kwa kitu kisicho cha haraka, subiri. Mabati na saruji nunua kwenye duka linalotoa risiti ya EFD, na uondoke nayo. Mabati membamba yakianza kutoboka mwaka wa kwanza hutakuwa na neno bila risiti.

Pikipiki iliyotumika inahitaji uangalifu wa peke yake. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi. Jina la muuzaji liwe lile la kwenye kadi, au awe na hati za mauziano hadi kwa mwenye jina. Andikishianeni mauziano, kisha mbadilishe umiliki TRA. Watu wengi hawafiki hapo, wanaishia na kadi ya mtu wa Tunduru wasiyemjua, na siku trafiki anapoishika wanabaki wanatafuta namba ya simu iliyokwisha kuzimwa.

Mahindi ya kula nunua Juni na Julai, yakiwa mengi, kwa kilo. Lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu, ni kosa kisheria, na mwenye kuumizwa nalo ni mkulima anayeuza. Wewe kwenye mahindi leo ni mnunuzi, mwakani kwenye mbaazi ni muuzaji. Dai mizani pande zote mbili. Na ukisafirisha mazao ya chakula yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, hutakiwi kutozwa ushuru, tangu mabadiliko ya bajeti ya 2017/2018. Ukisimamishwa kwenye kizuizi, sema hivyo taratibu. Mtoza ushuru akisisitiza, omba risiti ya mashine ya halmashauri yenye jina na kiasi. Malipo yoyote ya Serikali yasiyokuwa na risiti ya mashine au namba ya malipo ni zawadi tu.

Kuweka rehani na kuuza mikorosho

Rehani ya mikorosho ni kitu cha kawaida huku: unamwachia mtu shamba misimu miwili au mitatu, anakupa fedha sasa. Ni afadhali kuliko kangomba, mradi iandikwe. Makubaliano yanayofanywa kwa mdomo chini ya mwembe huishia kwenye baraza. Andikeni mbele ya mtendaji wa kijiji, mashahidi kila upande, na yataje: idadi ya mikorosho, mipaka na majirani, misimu kwa miaka yake (msiandike "misimu miwili", andikeni 2026 na 2027), nani ananunua salfa, nani anapalilia, nani anaokota mbaazi zilizopandwa katikati, na korosho zitapelekwa AMCOS kwa jina la nani. Hili la mwisho husahaulika zaidi ya mengine yote. Aliyechukua rehani akipeleka kwa jina lake na shamba limeandikwa kwa jina lako, mmoja wenu ataitwa kueleza.

Kuuza kabisa ni hatua kubwa zaidi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kuidhinisha chochote. Muhuri wake bila muhtasari wa kikao hautamsaidia mnunuzi. Mnunuzi asitoe fedha kabla hajazungushwa mipaka mchana, majirani wakiwepo, na mke au mume wa muuzaji akiwa ameridhia kwa sahihi. Kama familia haijagawana urithi, subiri igawane. Ukishanunua, omba hatimiliki ya kimila kama kijiji kimeshapimwa. Ada ya kijiji ipo, kiwango chake ulizia sheria ndogo za kijiji, na risiti idai.

Mambo yakiharibika

Peleka lalamiko mahali pake, vinginevyo utazungushwa hadi uchoke. La kilo au malipo: anza na bodi ya AMCOS kwa barua, nakala ubaki nayo imegongwa "imepokelewa". Zikipita wiki mbili kimya, nenda kwa afisa ushirika wa wilaya. Juu yake kuna Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika wa mkoa. La mizani ni la Wakala wa Vipimo. La mzigo kupotea ghalani lina Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2005.

La ardhi lina ngazi zake. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Anayetaka hukumu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu akikutoza fedha Baraza la Kata ili "akuhukumie shamba", ameshakudanganya kabla ya kesi kuanza.

Na fedha za kijiji, zikiwemo zile za michango ya korosho, zina siku yake ya kuulizwa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Mapato na matumizi husomwa hapo. Nenda na ile picha ya mjengeko wa bei, zidisha kato la kijiji kwa kilo zote ambazo AMCOS ilipeleka mnadani, na ulinganishe na mtendaji anachosoma. Zisipolingana, nyoosha mkono, taja namba zote mbili, ukae.